Amplifaya ya hedifoni: ni nini hasa, na kwa nini geini si nguvu

Amplifaya ya hedifoni ni saketi ndogo inayokaa kati ya simu, redio au kompyuta na hedifoni zako. Inapokea umeme mdogo unaobeba sauti, inautoa upande wa pili ukiwa na volti kubwa zaidi, au ukiwa na uwezo wa kusukuma mkondo mwingi zaidi, au vyote viwili. Mafundi redio wengi pale Mtwara mjini watakujibu kwa ufupi kwamba "inaongeza sauti". Si uongo. Ila kwa anayetaka kuunda ya kwake nyumbani jibu hilo halitoshi, kwa sababu halimwambii achague rezista gani wala kwa nini amplifaya aliyoiunda jana inapasua sauti.

Chukua kijana wa Shangani anayerekodi kaswida na singeli chumbani. Kapata hedifoni za studio za mtumba, kazichomeka kwenye simu, sauti inatoka kwa mbali. Anampelekea fundi: "Fundi, hizi mbovu." Fundi anazitazama ubavuni, anakuta pameandikwa namba yenye alama ya omu. "Si mbovu mdogo wangu, hizi zinataka amplifaya."

Hiyo namba ndiyo mwanzo wa kila kitu. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya wa ndani ya spika ya hedifoni unavyouzuia umeme kupita. Hedifoni za kawaida za simu huwa kati ya omu 16 na 32. Za studio hupanda sana: Beyerdynamic DT 770 Pro hutengenezwa kwa matoleo tofauti, likiwemo la omu 80 na la omu 250, na Sennheiser HD 600 ni omu 300. Sasa piga hesabu. Tuseme simu inatoa volti 1. Kwenye omu 32 unapata mkondo wa miliampea 31 na nguvu ya miliwati 31, na hapo masikio mengi yataomba huruma. Volti hiyohiyo kwenye omu 300 inatoa miliwati 3.3 tu. Hedifoni za omu nyingi zina njaa ya volti. Za omu chache zina njaa ya mkondo. Amplifaya moja inaweza kushibisha njaa ya kwanza ikashindwa ya pili, na ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kushika chuma cha kulehemu ni hedifoni zako zina omu ngapi. (Omu peke yake haimalizi hadithi. Kuna na wepesi wa hedifoni kugeuza umeme kuwa sauti, ambao huandikwa kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila miliwati. Hedifoni mbili za omu sawa zinaweza kupishana sana.)

Geini nayo ni nini? Ni idadi ya mara ambazo amplifaya inazidisha volti inayoingia. Katika saketi ambayo wanaoanza wengi duniani huianza, ile inayoitwa CMoy kwa jina la aliyeibuni, Chu Moy, geini inapangwa na rezista mbili: unagawanya kubwa kwa ndogo, kisha unaongeza 1. Mchoro wa asili una kiloomu 10 na kiloomu 1, kwa hiyo geini ni 11. Ikiingia volti 0.1 inatoka 1.1.

Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wanadhani geini ya 11 ina nguvu kuliko geini ya 3, na geini ya 20 ni bora zaidi. Nguvu haitoki kwenye geini, inatoka kwenye betri na kwenye uwezo wa aisii, yaani kile kidude cheusi chenye pini kinachokuza umeme ndani ya saketi. Betri ya volti 9 ukiigawa katikati inakupa volti 4.5 juu na 4.5 chini, na aisii haiwezi kufika ukingoni kabisa. Huacha kama volti moja au zaidi kila upande. Kinachobaki ni kilele cha volti 3 na kitu, sawa na volti 2 hivi kwa kipimo cha wastani kinachotumika kwenye hesabu za nguvu. Simu ikikupa volti 1 na wewe umepanga geini ya 11, saketi inajaribu kutoa volti 11 ambazo hazipo. Vilele vya mawimbi vinakatwa, ngoma ya singeli inapasuka, na unaanza kulaumu hedifoni. Ukishusha voliyumu sauti inatulia, ila mshindo mdogo wa "shiii" unaotoka kwenye saketi yenyewe unabaki umezidishwa mara 11.

Kwa simu za leo mimi ningeweka geini ya 3 hivi: rezista ya kiloomu 10 na ya kiloomu 4.7 zinakupa 3.1. Geini ya 11 iachie chanzo cha sauti kilicho dhaifu kweli.

Faida halisi ni kiasi gani? Volti 2 kwenye omu 300 ni miliwati 13, mara nne ya zile 3.3 za simu. Sikio halisikii mara nne. Linasikia ongezeko la desibeli 6, ambalo ni wazi kabisa lakini si muujiza. Kwenye omu 32 volti 2 zingetaka miliampea 62, na aisii inayopendwa kwa kazi hii, OPA2134, kikomo chake ni kama miliampea 40. Kwa erifoni za simu, basi, kifaa hiki hakikuongezei chochote cha maana. Mwenye erifoni tupu asiingie gharama.

Vifaa ni vichache. Aisii moja ya pini 8 ambayo ndani yake mna opampu mbili, yaani vikuza-umeme viwili, moja ya sikio la kushoto na moja ya kulia. Soketi ya kuichomeka, ili usiiunguze unapolehemu. Rezista chache, kapasita mbili za filamu za mikrofaradi 0.1 za kuzuia umeme mnyoofu (DC, kama wa betri, usiopanda na kushuka) usiingie kutoka kwenye simu, kapasita mbili kubwa za mikrofaradi 220, voliyumu ya njia mbili, matundu mawili ya jeki ya milimita 3.5, swichi, na bodi ya matundu. Rezista unaweza kuzichomoa kwenye redio iliyokufa. Kapasita kubwa za zamani ziache, maana hukauka ndani kwa miaka. OPA2134 huenda usiikute madukani Mtwara; mara nyingi itabidi uagize Dar es Salaam ije na basi.

Ukikosa, utaambiwa uweke aisii nyingine, NE5532, maana ina pini zilezile. Itaimba, lakini karatasi yake ya maelezo inaanzia jumla ya volti 10, ambazo betri ya volti 9 haifikii, na pini zake za kuingizia hunyonya mkondo mdogo ambao ukipita kwenye rezista ya kiloomu 100 iliyopo mlangoni mwa mchoro huu huzaa milivolti kadhaa za umeme mnyoofu, kisha geini inazizidisha. Umeme mnyoofu kwenye hedifoni hausikiki, unapasha joto waya wa spika tu. OPA2134 haina tatizo hilo kwa sababu ya aina ya transista zilizopo mlangoni pake.

Sehemu inayowasumbua wanaoanza kuliko zote ni grandi ya bandia, yaani sifuri ya kutengeneza. Mawimbi ya sauti hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake. Betri moja haina chini ya sifuri. Ina chanya na hasi, basi. Kwa hiyo unaweka rezista mbili za kiloomu 4.7 kwa mfululizo kati ya chanya na hasi ya betri, kisha ile sehemu zinapokutana unaiita sifuri. Ukipimia hapo, upande mmoja ni volti 4.5 za chanya na mwingine 4.5 za hasi. Kapasita mbili za 220 zinasaidia sifuri hiyo isiyumbe muziki unapovuta mkondo. Waya wa pamoja wa jeki zote mbili unaungwa kwenye sifuri hii, siyo kwenye hasi ya betri.

Sasa kwa wanaotumia sola, kama ilivyo nyumba nyingi za vijijini Lindi na Mtwara. Mtu anaona betri ya sola ya volti 12 ipo, anasema kwa nini ninunue betri za volti 9, anaiunga amplifaya hapo. Inaimba vizuri mpaka simu ichomekwe kuchaji kwenye betri hiyohiyo. Chaja za namna hiyo kwa kawaida huipitisha hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye simu, na ndani ya simu hasi hiyo ndiyo waya wa pamoja wa jeki. Waya huo kwenye amplifaya yako ndio sifuri ya bandia. Sifuri na hasi zimeshikana: nusu ya chini ya umeme imetoweka, na sauti inakwaruza kama spika iliyochanika. Hakuna kilichoungua. Chomoa chaja tu.

Kwa sababu hiyohiyo napendelea kiboksi cha sabuni cha plastiki kuliko makopo ya peremende ambayo watu wa nje huyapenda. Kopo la bati likigusa ganda la jeki na hasi ya betri kwa wakati mmoja, umerudi palepale.

Ukimaliza kulehemu usikimbilie hedifoni. Weka betri bila aisii, pima kwenye soketi: kati ya sifuri ya bandia na pini 8 upate kama 4.5, na kati ya sifuri na pini 4 upate 4.5 ya hasi. Zima, chomeka aisii, washa, kisha pima umeme mnyoofu kwenye jeki ya kutokea, kila upande. Chini ya milivolti 20 ni sawa. Ukikuta volti nzima, kuna waya umekosewa. Halafu jaribu kwanza na erifoni za bei ya chini, voliyumu ikiwa chini kabisa.

Jambo la mwisho ni la pwani. Hewa ya chumvi ya Mikindani inakula shaba. Futa masalia ya dawa ya kulehemu kwa spiriti na mswaki wa zamani, na betri itoe ukijua hutakitumia kifaa kwa wiki kadhaa, maana ikivuja ndani ya kiboksi kilichofungwa, vishikizo vyake ndivyo vinavyoliwa kwanza.