Gari la zamani likizima ghafla: anza na namna lilivyozima

Mtu akinipigia simu kwamba gari lake limemfia njiani, humuuliza kwanza: lilizimaje? Wengi hujibu, "Limezima tu, fundi." Narudia swali polepole, maana sekunde za mwisho za injini hunieleza mengi kuliko saa nzima ya kufunguafungua. Nazungumzia magari ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na yale ya mwanzo ya injekta (yanayonyunyizia petroli kwa presha ya pampu), ambayo hayana kompyuta ya kukutajia kosa. Na naandika kwa sababu inaniuma kuona injini iliyokuwa inatengenezeka ikiharibika kabisa kwa sababu mtu aliendelea kupiga stata.

Kuna kuzima kwa mkato: injini inavuta vizuri, mara kimya, kana kwamba mtu amezungusha ufunguo. Hapo nashuku mfumo wa moto, yaani cheche za plagi zinazowasha petroli. Kuna kuzima kwa kukohoa: gari linakosa nguvu mlimani, linamisi (linaruka midundo), ukikanyaga taratibu linavuta kidogo, halafu linakufa. Hapo nashuku mafuta. Kabureta ina bakuli lenye akiba ya petroli, ndiyo maana injini hupata muda wa kukohoa. Injekta haina akiba hiyo. Pampu yake ya umeme ikikatika, presha hushuka na injini huweza kuzima karibu kwa mkato vilevile. Kwa hiyo kwenye injekta siamui mapema.

Gari la gia za mkono lenye mita ya mizunguko ya injini lina shahidi mwingine. Injini ikizima huku gia imeingia na gari bado linatembea, magurudumu huendelea kuizungusha. Mshale ukianguka hadi sifuri papo hapo, mara nyingi umeme wa koili, kifaa kinachozalisha umeme mkali wa cheche, ndio umekatika. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo, angalia mafuta kwanza.

Sasa sikiliza stata, lakini mara moja tu. Injini nzima ikizungushwa hutoa mdundo wa kupanda na kushuka, kwa kuwa kila pistoni hukutana na hewa inayogandamizwa. Ukisikia stata inazunguka kwa wepesi, sauti moja iliyonyooka bila mdundo, acha hapo hapo. Huenda mkanda wa taimingi, unaozifanya valvu ziende sawa na pistoni, umekatika. Katika injini nyingi valvu na pistoni hupita eneo moja kwa zamu, na mkanda ukikatika zamu hiyo inavurugika. Valvu zinapinda. Huenda zimeshapinda, lakini kila stata ya ziada inaweza kuongeza hasara. Toa kifuniko cha distribyuta (kigawa-moto kwa plagi, ndani yake kuna rota inayozunguka), kisha zungusha krenki, mhimili mkuu wa injini, kidogo kwa spana, kwa mkono. Ukigusa kizuizi, usilazimishe. Krenki ikisogea na rota ikabaki imesimama, kazi ya kutafuta plagi mbovu imekwisha. Fungua upande wa mkanda.

Na kama injini haizunguki kabisa, watu hukimbilia kusema imenoki, yaani imeharibika na kukwama ndani. Ngoja. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma takribani volti 12.6, ikishuka chini ya volti 9.6 hivi wakati wa stata, tatizo linaweza kuwa betri au nyaya zake. Kama umeme uko sawa, weka gia huru, toa plagi zote, jaribu krenki kwa spana. Ikizunguka na maji au petroli ikaruka kupitia tundu la plagi, silinda ilikuwa na kimiminika. Kimiminika hakigandamiziki kama hewa. Ukilazimisha stata unapinda mkono wa pistoni. Isipozunguka hata plagi zikiwa nje, hapo ndipo naanza kuamini imekamata.

Turudi kwenye moto, maana ndio unaonisumbua kuliko vyote. Kagua plagi ikiwa imegusana vizuri na chuma cha injini, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa mpira, mbali na mvuke wa petroli. Moto mzuri ni wa buluu na unalia. Ukiwepo kwenye waya wa koili lakini haufiki plagi, tazama rota na nyufa za kifuniko cha distribyuta. Usipotoka hata koili, nenda kwenye platini, swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili (nyingi huachana milimita 0.4 hadi 0.5), kondensa yake, au moduli ya moto, kifaa cha kielektroniki kinachofanya kazi hiyo kama gari halina platini.

Kosa gumu zaidi ni lile la joto. Gari linazima likiwa limepata moto, linapumzika nusu saa, linawaka. Likifika gereji limepoa na kila kipimo kinasoma vizuri. Washukiwa ni koili, moduli na sensa ya krenki, na vinatakiwa vipimwe vikiwa bado vya moto, palepale. Hapa ndipo watu hubadilisha vifaa kwa kukisia, na nalipinga jambo hilo kwa nguvu zote: kifaa kipya nacho kinaweza kuwa kibovu, na sasa una mashaka mawili badala ya moja.

Upande wa mafuta ni mwepesi. Kwenye kabureta, toa kisafisha hewa, vuta waya wa mafuta injini ikiwa imezimwa, utazame kama petroli inaruka ndani. Kwenye injekta nyingi, fungua swichi usikilize pampu ikivuma kwa sekunde kama mbili. Ikinyamaza, kagua fyuzi na rilei kabla ya kuilaumu. Na fungua kifuniko cha tangi: likivuta hewa kwa kishindo kisha gari likawaka, tundu la kupumulia limeziba.

Moto upo, mafuta yapo, na bado haliwaki? Pima kompresheni, yaani presha ya hewa inayogandamizwa kwenye kila silinda, plagi zote zikiwa nje na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Silinda moja ikisoma chini, mwagia kijiko kidogo cha oili upime tena. Ikipanda, ni ringi za pistoni. Isipopanda, ni valvu au gasketi inayoziba chini ya silinda hedi. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, karibu kila mara gasketi imeungua katikati yao, na silinda hedi lazima ifunguliwe na kupimwa kama imepinda kabla ya gasketi mpya kuwekwa.