Dawa "imeotesha nywele kwa panya": maana yake nini?

Mtu anayepoteza nywele akisikia kwamba homoni fulani ya kupaka imeotesha nywele kwa panya, moyo humruka. Nimewaona watu wakitoa pesa kwa maneno hayo tu, ndiyo maana nataka tuyafungue taratibu. La kwanza ambalo matangazo hayalisemi ni hili: yule panya hakuwa na kipara. Alinyolewa.

Mara nyingi huwa ni panya mweusi wa ukoo uitwao C57BL/6, anayefugwa katika maabara nyingi duniani. Unywele, uwe wa mtu au wa panya, huenda kwa zamu: hukua, husinyaa, kisha hupumzika. Wataalamu huziita zamu hizo anajeni, katajeni na telojeni. Panya huyu akifikisha wiki 7 hivi, manyoya yake ya mgongoni huingia telojeni karibu yote kwa pamoja, na mapumziko hayo huendelea hadi wiki ya 12 au zaidi. Ukimnyoa mgongo kwa mashine wakati huo, anaweza kukaa wiki kadhaa bila unyoya kuchomoza. Mtafiti huitumia nafasi hiyo. Anapaka dawa yake kila siku, anasubiri kuona kama mashina ya manyoya yataamka kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo kinachopimwa ni muda. Manyoya yangeota hata bila dawa. Swali ni kama dawa imeyawahisha.

Kuamka kwenyewe huonekana kwa macho, na hapa ndipo panya mweusi anapofaa. Chini ya manyoya yake meusi, ngozi ya mgongo ni ya pinki, kwa sababu rangi nyeusi hutengenezwa ndani ya mashina ya manyoya peke yake, tena wakati wa kukua tu. Si kama ngozi yetu sisi, ambayo rangi imo katika ngozi yenyewe. Siku ya kwanza baada ya kunyolewa, mgongo ni wa pinki. Mashina yakianza kazi, ngozi inageuka kijivu, kijivu inakolea hadi kukaribia weusi, ndipo ncha za manyoya zinapotokeza. Mtafiti anapiga picha kila baada ya siku chache na kuandika rangi imefikia wapi. Mwishoni hukatwa kipande kidogo cha ngozi na kutazamwa kwa hadubini, ionekane mashina yameshuka kina gani, maana shina linalokuza unywele huzama chini zaidi kuliko lililopumzika.

Panya wa dawa peke yao hawatoshi. Lazima liwepo kundi la kulinganisha, linalopakwa kile kimiminika cha kubebea dawa, bila dawa ndani yake. Spiriti na kusuguliwa kila siku vinaweza kuisumbua ngozi, na ngozi iliyosumbuliwa huweza kuotesha manyoya. Kundi la tatu kwa kawaida hupakwa minoksidili. Hiyo ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele wasizozitarajia, na mwaka 1988 Marekani ikaruhusu iuzwe kama dawa ya kupaka kichwani.

Hata namna ya kunyoa ina uzito. Ukiyang'oa manyoya kwa nta badala ya kuyakata, kule kung'oa kwenyewe huyaamsha mashina. Basi ukisoma kwamba panya waling'olewa manyoya kwa nta, ujue wote wameanza kuota siku hiyohiyo, waliopakwa dawa na wasiopakwa. Halafu panya hujilamba, na hulambana. Homoni iliyopakwa mgongoni ikaishia tumboni si dawa ya kupaka tena. Hata isipolambwa, inaweza kupenya ngozi ile nyembamba na kuingia kwenye damu, ikafanya kazi mwili mzima. Kwa homoni hili si jambo dogo, na mtafiti makini hupima damu.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa 1996. Watafiti wawili wa chuo kikuu cha North Carolina State, Hye-Sun Oh na Robert Smart, waliwapaka panya estradioli, ambayo ni aina ya estrojeni, mara mbili kwa wiki. Manyoya yalikwama katika mapumziko, hayakuota. Walipowapaka dawa inayoizuia estrojeni, mashina yakaamka mapema. Sasa mfikirie mama mjamzito: nywele zake hujaa, kisha miezi 3 hivi baada ya kujifungua zinaanza kubaki kwenye kitana. Maelezo ya kawaida ya madaktari ni kwamba homoni za ujauzito, estrojeni ikiwemo, zilikuwa zikizishikilia nywele katika kukua, na zilipopungua nywele zikaenda kupumzika pamoja. Homoni ileile, kwa panya inaonekana kuzuia, kwa mtu inaonekana kushikilia.

Tena kichwani mwetu kila unywele una ratiba yake. Nywele kama 100,000, nyingi zikikua kwa miaka 2 hadi 6 kila mmoja, wakati panya humaliza kukuza manyoya yake kwa wiki 2 au 3. Na upara wa kawaida wa wanaume hautokani na nywele zilizolala zikingoja kuamshwa. Homoni ya kiume iitwayo DHT huyadhoofisha mashina zamu baada ya zamu, kila unywele mpya ukitoka mwembamba kuliko uliotangulia. Panya mwenye afya aliyenyolewa mgongo hana ugonjwa huo.

Ndiyo maana dawa ikishafaulu kwa panya, huja kupimwa upya kichwani kwa mtu. Huchaguliwa eneo dogo penye upara, linawekwa alama ya kudumu, kitone cha chale kisichozidi kichwa cha pini, ili kila picha ipigwe palepale. Kisha nywele zilizomo zinahesabiwa mmoja mmoja, mwanzo, na tena baada ya miezi kadhaa, hata mwaka, kwa waliopakwa dawa na kwa waliopakwa kimiminika kitupu bila wao kujua.