Mbwa "mbebaji" maana yake nini?

Mbebaji ni mbwa aliyerithi nakala moja mbovu ya jeni fulani na nyingine nzima. Ugonjwa wenyewe haumpati, kwa kuwa nakala nzima inatosha kufanya kazi. Anayeugua ni mtoto aliyepokea nakala mbovu kwa baba na nyingine mbovu kwa mama. Ndiyo maana kumkagua mbwa kwa macho kabla ya kumpandisha hakusaidii: mbebaji anakula, anakimbia na manyoya yanang'aa kama ya mwenzake aliye safi, yaani mwenye nakala zote mbili nzima.

Chukua basenji, mbwa mdogo wa Kongo mwenye mkia uliojikunja, asiyebweka. (Jina lake ni ndugu wa "washenzi" wetu, mbwa mwenyewe hakustahili.) Aina hii inaandamwa na sindromu ya Fanconi. Figo hushindwa kurudisha mwilini sukari, asidi amino na baikaboneti, vyote vinamwagika na mkojo. Mbwa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa hovyo, anakonda. Mkojo ukipimwa unaonyesha sukari, lakini sukari ya damu iko kawaida, na hapo ndipo asiye makini husema ni kisukari. Kibaya zaidi, dalili huanza mara nyingi kati ya miaka 4 na 7, mbwa akiwa ameshaacha watoto. Kipimo cha jeni yenyewe kilipatikana 2011. Miaka mingi kabla ya hapo, mfugaji alichovya kijiti cha kupimia sukari kwenye mkojo kila mwezi na kuomba heri.

Jibu la maabara huwa moja kati ya matatu: safi, mbebaji, au mwenye nakala mbili mbovu. Safi kwa mbebaji hawazai mgonjwa. Takriban nusu ya watoto watakuwa wabebaji. Mbebaji kwa mbebaji, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuugua. Hesabu hiyo ni ya kila mtoto peke yake, si ya uzao mzima. Katika watoto 6 wanaweza kutoka wagonjwa 3, au asitoke hata mmoja, kwa hiyo "niliwapandisha hao hao mwaka jana, wote wazima" si ushahidi.

Kosa la upande wa pili ni kuwafungia nje wabebaji wote. Miaka ya 1970 wafugaji wa basenji Marekani waliwaondoa waliobeba jeni ya ugonjwa wa damu, na ukoo ambao tayari ulikuwa mwembamba ukazidi kubana. Mwaka 1990 ilibidi kitabu cha usajili kifunguliwe kwa mbwa wapya kutoka Afrika. Mbebaji mzuri mpandishe na aliye safi, wapime watoto, kisha endelea na aliye safi kati yao.

Sampuli huchukuliwa shavuni. Mbwa asile kwa muda kabla ya kipimo, na mtoto anayenyonya atengwe na mama, la sivyo unapima chembe za mama. Sugua brashi kati ya shavu na ufizi kwa sekunde 30 hivi, iache ikauke hewani, uitie kwenye bahasha ya karatasi. Ndani ya nailoni unyevu huleta ukungu. Andika namba ya chipu (kidude cha utambulisho kilicho chini ya ngozi ya mbwa) hapo hapo, kabla hujamshika mbwa wa pili. Basenji jike kwa kawaida huingia joto mara moja tu kwa mwaka, hivyo sampuli iliyoharibika inaweza kukugharimu msimu mzima.

Ukiuziwa mbwa "aliyepimwa DNA", uliza amepimwa ugonjwa gani, na ulinganishe namba ya chipu na ile ya cheti. Nyonga hazimo katika kipimo hicho cha DNA. Ulegevu wa nyonga hutokana na jeni nyingi pamoja na lishe na uzito, hivyo huhitaji eksirei, mbwa akiwa amelala chali, miguu ya nyuma imenyooshwa. OFA, taasisi ya Marekani inayokagua mifupa na viungo vya wanyama, haitoi cheti cha kudumu cha nyonga kabla mbwa hajatimiza miezi 24.