Potasiamu na makohozi ya mtu wa mkonge

Ukiingia chumba cha brashi, yaani panaposafishwa nyuzi, katika kiwanda cha mkonge huku kwetu Tanga, utakuta vumbi limewajaa wafanyakazi mpaka kwenye nyusi. Vumbi hilo huvutwa pamoja na pumzi, na tafiti zilizofanywa kwa wafanyakazi wa mkonge nchini zimeonyesha kuwa kikohozi huwaandama. Wengi hutafuta dawa ya kukausha makohozi. Ushauri wetu ni kinyume: yaache yawe mepesi, yatoke.

Ndani ya njia ya hewa kuna seli zenye vinyweleo, kama 200 kwa kila seli, vinavyopigapiga mara 10 au zaidi kwa sekunde. Vimezama kwenye tabaka la maji la maikromita 7 hivi, jembamba kuliko unywele wa kichwani. Juu yake huelea ute unaonasa vumbi na vijidudu, ukasukumwa kuelekea kooni. Maji yakipungua, ute hukwama na vijidudu hupata makazi.

Seli haiwezi kuyasukuma maji yenyewe. Hutoa chumvi, yaani sodiamu na kloraidi, maji yakafuata. Kazi hiyo huanzia kwenye potasiamu, madini mengine ya mwilini. Upande wa seli unaoelekea damu kuna pampu inayoingiza potasiamu 2 kila inapotoa sodiamu 3, hivyo potasiamu hujaa ndani. Upande huohuo kuna vijia, yaani protini zenye tundu katikati, vinavyoiachia potasiamu itoke tena. Ikitoka huondoka na chaji chanya ya umeme, na ndani ya seli hubaki chaji hasi. Kloraidi nayo ni hasi, na hasi hufukuzana na hasi, basi hutolewa kupitia mlango wake wa upande wa hewa. Sodiamu huifuata ikipenya kati ya seli na seli, kisha maji. Vijia vya potasiamu vikifungwa, kloraidi hukosa msukumo wa kutoka hata mlango wake ukiwa wazi.

Mlango huo wa kloraidi ndio wenye hitilafu kwa wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute uwe mzito, na tangu jeni yake ilipotambuliwa mwaka 1989 umepata sifa nyingi. Potasiamu, kwa maoni yangu, inastahili kutajwa pamoja nao.

Je, tunywe madafu na kula ndizi zaidi? Kunywa na kula kwa afya yako, lakini vijia havifunguki kwa njia hiyo. Figo huidhibiti potasiamu ya damu ibaki kati ya milimoli 3.5 na 5 hivi kwa lita. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye wa kujihadhari hasa, kwani potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Kwa upande mwingine, salbutamol ya pumu ikitumika kwa dozi kubwa huihamisha potasiamu kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Ndiyo sababu daktari anaweza kuagiza ipimwe.

Kazini vaa barakoa ya vumbi inayokaa vizuri usoni. Kitambaa cha khanga hakitoshi. Kikohozi kikifika wiki 2, au ukitema damu hata mara moja, nenda kapimwe kifua kikuu, usiseme tu ni vumbi la mkonge.