Je, wajua kwa nini tambi za "Kichina" za Korea ni nyeusi tititi?

Kama unafuatilia tamthilia za Kikorea, lazima umeshaiona. Ni saa saba za usiku, askari kanzu wawili wako ofisini na jalada la kesi isiyotaka kuisha. Mmoja anachana nailoni iliyofunika bakuli, anakoroga kwa vijiti, kisha anavuta tambi nyeusi tititi kwa kelele, hadi midomo inabaki kama ya mtoto aliyechezea masizi. Hapo unajiuliza: kile ni nini, na mbona cheusi namna ile? Wakorea wenyewe watakwambia ni chakula cha Kichina. Lakini ukimwekea Mchina wa Beijing bakuli lile, naye atakuuliza hicho ni nini.

Chakula chenyewe kinaitwa jajangmyeon. Jina limetokana na la Kichina, zhajiangmian: zha ni kukaanga, jiang ni rojo la soya iliyochachushwa, mian ni tambi. Yaani tambi za rojo la kukaanga. Kule Beijing na jimbo la Shandong wanaweka rojo kidogo tu la kahawia, lenye chumvi kali, juu ya tambi zisizo na supu, na pembeni matango na mboga nyingine zilizokatwa nyembamba kama njiti za kiberiti. Bakuli la Korea halina habari na kiasi. Mchuzi umefunika kila kitu, mzito, unang'aa, una utamu, na weusi wake ni wa lami iliyomwagwa asubuhi.

Safari ya kutoka kahawia hadi nyeusi ilianzia bandarini. Mwaka 1883 bandari ya Incheon, magharibi ya Seoul, ilifunguliwa kwa biashara ya nje, na mwaka uliofuata Wachina wakapewa mtaa wao pale pale. Shandong iko ng'ambo tu ya Bahari ya Njano, kwa hiyo waliokuja wengi walitoka huko: wafanyabiashara, wapishi, na makuli wa kupakia meli. Kuli hana muda wa kukaa mezani. Tambi zikichemshwa, kijiko cha rojo juu, koroga, meza, rudi kwenye magunia.

Kwenye mtaa huo palikuwa na mgahawa ambao mwaka 1912, China ilipong'oa mfalme na kuwa jamhuri, ulibadilishwa jina ukaitwa Gonghwachun, maana yake majira ya machipuko ya jamhuri. Ulifungwa mwaka 1983. Jengo lake la matofali bado lipo, na tangu 2012 ni makumbusho ya jajangmyeon. Ndiyo, makumbusho ya tambi. Sisi tuna historia ndefu ya pilau na hatujawahi kumjengea hata kibanda.

Sasa, weusi. Mwaka 1948 Mchina mkazi wa Korea, Wang Songshan, alifungua kiwanda cha kutengeneza rojo hilo, ambalo Wakorea huliita chunjang. Rojo la soya na ngano kwa asili hukolea rangi kadiri linavyokaa kwenye mtungi, lakini kukaa ni gharama, na mteja hasubiri. Kwenye chunjang ya viwandani ndipo ilipoingia karameli, yaani sukari iliyounguzwa mpaka ikageuka nyeusi. Ni rangi ile ile inayotiwa kwenye soda za kola. Kwa hiyo weusi unaokutisha kwenye runinga si wino wa ngisi, wala si kitu kilichoungua kwa bahati mbaya. Ni sukari iliyounguzwa kwa makusudi, ikampa Mkorea rangi na utamu kwa pamoja, na ulimi wake ukaridhika.

Baadaye vikaja vitu viwili vilivyoitoa tambi hii bandarini na kuipeleka kila kona ya nchi. Cha kwanza ni unga. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 Korea Kusini ilikuwa na njaa, na Marekani ikashusha ngano ya msaada kwa meli. Mchele ulikuwa adimu kiasi kwamba kuanzia 1969 serikali iliamuru migahawa isiuze wali Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Hebu fikiria amri hiyo ingetolewa Zanzibar! Mwenye mgahawa wa tambi alikuwa anachekelea tu.

Cha pili hakikuwa cha kuchekelea. Katika miaka ya 1960 na 1970 sheria zilimbana mgeni kumiliki ardhi, na Wachina, hata waliozaliwa Korea, walihesabiwa wageni. Mashamba hayakuwezekana, biashara kubwa nazo zikawa ngumu. Kilichobaki ni jiko. Familia nyingi zikashika karai, na wengine wakafunga virago wakaenda Taiwan au Marekani. Ndiyo maana mpaka leo, katika mtaa wa Wakorea wa Los Angeles, unaweza kuhudumiwa tambi nyeusi na mzee mwenye jina la Kichina anayeongea Kikorea kama lugha ya mama. Na ni lugha yake ya mama kweli.

Tuingie jikoni, maana huko ndiko utamu uliko. Chunjang mbichi ukiionja ina chumvi na uchungu unaokwaruza koo. Mpishi anaitia kwenye mafuta mengi na kuikaanga kwanza peke yake, taratibu, mpaka inalainika na uchungu unapungua. Kisha karai la chuma linapata moto wa kweli, ule unaoguruma. Nyama iliyokatwa vipande vidogo inatangulia, halafu vitunguu maji, vingi mno, kabichi na mumunye. Chunjang inarudi, sukari inafuata, supu kidogo, na mwisho kabisa wanga wa viazi uliokorogwa na maji. Wanga ndio unaoufanya mchuzi ushikamane na kung'aa.

Umewahi kusikia malalamiko kwamba jajangmyeon huanza nzito na kuisha ikiwa majimaji? Sababu kubwa ni mate yako. Mate yana kimeng'enya kinachovunjavunja wanga, na kila vijiti vinapotoka mdomoni na kurudi bakulini, vinapeleka kidogo. Mlaji wa polepole anaishia na supu. Asiyependa hilo huagiza ganjajang, ambayo mchuzi wake unakaangwa papo kwa papo bila maji wala wanga, na unaletwa kwenye bakuli lake pembeni. Mimi naona hiyo ndiyo yenye heshima, ingawa inazidi kidogo bei.

Tambi zenyewe zina siri ambayo mama yeyote wa pwani au bara angeitambua kwa harufu: magadi. Yale yale tunayotia kwenye makande ili maharage yawahi kuiva, au kwenye kisamvu. Unga wa ngano ukikandwa kwa maji yenye magadi, donge linakuwa la kuvutika, tambi zinakuwa na ubishi kidogo chini ya jino, na rangi inaelekea manjano bila yai hata moja. Mpishi wa mtindo wa zamani hatumii mashine. Analishika donge ncha mbili, analivuta kwa upana wa mikono, analipiga mezani, paa!, analikunja na kuvuta tena. Kila akikunja, idadi inajizidisha mara mbili. Ukianza na mkanda mmoja, mkunjo wa saba unakupa nyuzi 128. Migahawa yenye mpishi wa hivyo humweka nyuma ya kioo, na kishindo cha donge kinasikika mpaka nje.

Na usiku unaingiaje? Kuanzia 1945 mpaka tarehe 5 Januari 1982, Wakorea wengi waliishi chini ya amri ya kutotembea usiku. Saa sita king'ora kinalia, barabara zinakuwa tupu mpaka saa kumi alfajiri. Ulipokuwa saa sita ndipo ulipolala. Amri ilipoondolewa, ni kama watu walianza kulipiza usingizi wa miaka yote ile. Baa, ofisi zenye kazi za ziada, na hasa kumbi za biliadi zikakesha. Kula jajangmyeon kwenye ukumbi wa biliadi ni karibu na ibada: gazeti linatandikwa juu ya kimeza, mabakuli yanapangwa, mtu anavuta tambi mkono mmoja huku jicho liko kwenye mpira, na anayefungwa ndiye mlipaji.

Chakula hicho kililetwa na kijana wa pikipiki mwenye cheolgabang, sanduku la bati lenye mlango wa kuteleza juu chini na mpini wa kushikia. Simu ya kuulizia mzigo ilikuwa na jibu moja nchi nzima: "Umetoka sasa hivi!" Hata kama unga haujakandwa. Fundi wako anayesema "nipo njiani" huku unasikia mswaki mdomoni mwake ana ndugu zake Seoul.

Ukiingia mgahawani mwenyewe saa hizo, usitegemee taa za mahaba. Ni mwanga mweupe, meza zinazoteleza, mvuke, na karai linalolia nyuma ya pazia. Mhudumu mwanamke wa makamo wengi humwita "imo", yaani mama mdogo, kama sisi tunavyomwita mama au anti mtu tusiyemjua kabisa. Kabla hujaagiza, kinakuja kisahani: figili za njano za achari, vipande vya kitunguu kibichi, na kijiko cha chunjang ya kuchovyea. Figili hizo asili yake ni Ujapani, na watu huzimwagia siki kidogo. Si pambo. Ule mchuzi ni mzito na una mafuta, na bila kitu kichachu cha kukata, tonge la kumi linakukinai.

Kisha linakuja swali linalowasumbua Wakorea kuliko siasa: jajang au jjamppong? Jjamppong ni tambi za supu nyekundu ya pilipili, kome, ngisi na mboga, vyote vikiwa vimepita kwenye moto mkali hadi kunasa harufu ya moshi, ladha wanayoiita bulmat, ladha ya moto. Jina lina undugu na champon ya Nagasaki, supu nyeupe ya tambi iliyobuniwa na mpishi Mchina mwishoni mwa karne ya 19. Wekundu ni mkono wa Mkorea. Aliyekunywa soju, pombe kali ya Kikorea, usiku kucha huchagua jjamppong, kwa sababu pilipili na supu ya moto zinamtoa jasho na kumfufua. Wasioweza kuamua wametengenezewa bakuli lenye ukuta katikati, nusu nyeusi, nusu nyekundu.

Mkiwa wengi, mnaagiza na tangsuyuk, nyama ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka, na mchuzi wake mtamu wenye uchachu. Hapo marafiki hugombana kweli: mchuzi umwagwe juu, au kila mtu achovye? Usimwage bila kuuliza. Mkiagiza vingi, imo huleta mandu za kukaanga, vitu vya ukoo wa sambusa, bila kuhesabu. Nyongeza. Wazee huteremshia na ppaegal, pombe kali ya mtama. Tuiite gongo yao.

Kwa msomaji Muislamu, neno moja la ukweli: nyama ndani ya jajangmyeon ya kawaida ni nguruwe, na kwa mapishi ya zamani hata mafuta ya kukaangia ni yake. Ile ya vyakula vya baharini, samseon, haina usalama wa moja kwa moja, kwa hiyo uliza mafuta ni yapi na karai limepikiwa nini.

Siku hizi Wakorea hula bakuli hili siku ya kuhama nyumba, kwa kuwa sufuria bado ziko kwenye maboksi, na siku ya mahafali. Tarehe 14 Aprili wanalila wasio na wapenzi, baada ya wenzao kupeana zawadi Februari na Machi. Bei yake ni moja ya vitu vinavyohesabiwa kupima mfumuko wa bei. Hata tahajia iliwahi kuwa kesi: miaka mingi kamusi zilikubali "jajangmyeon" tu huku mitaani kila mtu akisema "jjajangmyeon" kwa mkazo, mpaka Agosti 2011 taasisi ya lugha ya taifa ikasalimu amri na kuyakubali yote mawili.

Bakuli lenyewe, kwa desturi ya zamani, halitupwi. Ukimaliza, unalisuuza ukiwa mstaarabu, unalifunga kwenye mfuko na kuliweka nje ya mlango. Kesho yake kijana wa sanduku la bati anapita tena, anayakusanya ngazi kwa ngazi. Vyombo vya plastiki vya kutupa vimeanza kuiua kazi hiyo, ila kwenye majengo ya zamani bado unaweza kupishana nalo kwenye korido saa nane za usiku: bakuli la rangi ya kijani, vijiti viwili juu, na mkwaruzo mweusi kwenye ukingo.