Mhimili uliokataa kukaa kwenye karatasi

Kazi yangu ni kugeuza majedwali kuwa michoro. Mtu ananiletea faili lenye safu mia mbili, namrudishia kurasa mbili ambazo bosi wake anaweza kuzisoma akiwa kwenye foleni. Usiku, nikishachoka na takwimu za watu, huwa nazurura kwenye hifadhi za picha za maktaba kubwa za dunia. Ndiko nilikokutana na mzunguko mwekundu.

Siku hiyo nilikuwa nimenuna. Mteja alikuwa amening'ang'ania nimchoree chati duara yenye unene na kivuli, kama keki ya harusi. Nikaingia tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani kutafuta chati za zamani nimwoneshe kwamba hata wazee hawakuhitaji keki. Ikafunguka karatasi ambayo mwanzoni niliidhania bango la msanii wa leo. Juu kuna mstari mnene wa kijani. Unakata kona na kushuka, kipande kifupi cha buluu, kisha cha njano, halafu unaingia mstari mwekundu unaojiviringa kama nyoka aliyelala.

Mwaka wa kazi hiyo: 1900. Aliyeisimamia ni W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, wakati huo mwalimu wa sosholojia Chuo Kikuu cha Atlanta, na waliochora kwa mkono, kwa wino na rangi ya maji, walikuwa wanafunzi na wahitimu wa chuoni. Chati ziko kama 60 hivi. Zilipelekwa Maonyesho ya Dunia ya Paris kuonesha maisha ya Wamarekani weusi, miaka 35 tu baada ya utumwa kufutwa, na baadhi zina maelezo ya Kiingereza na Kifaransa.

Ule mzunguko unaonesha weusi wa jimbo la Georgia walikokuwa wakiishi mwaka 1890. Kijani ni waliokaa kwenye miji yenye watu zaidi ya 10,000, nao ni 78,139. Buluu ni 8,025 wa miji inayofuata kwa ukubwa, njano ni 37,699 wa miji midogo kabisa. Nyekundu ni wa mashambani na vijijini: 734,952.

Sasa kaa kwenye kiti changu, upewe namba hizo uchore grafu ya mihimili, yaani nguzo ambazo urefu wake unaonesha idadi. Karatasi yao ilikuwa na urefu wa sentimita 71 hivi. Ukiupa mhimili wa kijani sentimita 10, wa buluu unabaki na sentimita 1, na mwekundu unataka 94. Hautoshi. Ukiipunguza yote nusu, mwekundu unaingia, lakini wa buluu unakuwa nusu sentimita, utadhani tone la wino. Mimi na wenzangu hapo tungeukata mhimili katikati kwa alama ya zigizaga, kisha tukaandika maelezo kwa herufi ndogo pembeni. Wao waliukunja. Hakuna kilichokatwa, na jicho lako linalazimika kuutembea mstari mwekundu wote, raundi baada ya raundi, mpaka ukubali kwamba Georgia nyeusi ilikuwa ya mashambani.

Kitaaluma ni kosa, na nikifundisha vijana nawakataza. Macho yetu hupima vizuri urefu ulionyooka, siyo uliopinda. Hata Du Bois mwenyewe ujanja huu haukumkubalia kila mara. Kuna chati nyingine ya thamani ya samani na vyombo vya jikoni vya weusi wa Georgia, kutoka dola 21,186 mwaka 1875 hadi 1,434,975 mwaka 1899. Pale mihimili sita inajikunja pamoja, mmoja ndani ya mwingine. Wa ndani una duara dogo, kwa hiyo urefu uleule unaupa raundi nyingi zaidi. Ukihesabu raundi unadanganyika. Ni nzuri kama peremende, lakini bila zile namba zilizoandikwa kwenye vichwa vya mihimili nisingeielewa.

Ninayoipenda kuliko zote haina mzunguko wowote. Ni ya watumwa na watu huru miongoni mwa weusi wa Marekani, kutoka 1790 hadi 1870. Karatasi karibu yote ni bonge la rangi nyeusi, ndio watumwa, na juu yake kuna ukanda mwembamba wa kijani, ndio watu huru, asilimia 8 mwanzoni, 11 mwaka 1860. Mimi niliyekulia kwenye nyumba iliyojaa kanga niliuona ukanda ule kama pindo. Kisha, kati ya 1860 na 1870, kijani kinaporomoka ghafla hadi chini: asilimia 100. Hakuna mshale wala maelezo ya ziada.

Ukitaka kuzitafuta, andika jina la Du Bois pamoja na Georgia kwenye kitengo cha picha cha maktaba hiyo. Usiridhike na nakala zinazozunguka mitandaoni. Nyingi zimeongezwa rangi mpaka zinawaka. Pakua faili kubwa la picha, lile la TIFF, hata kama bando litalia, kisha vuta karibu. Utaona rangi ya maji ilivyokolea hapa na kufifia pale, na herufi zilizopangwa kwa mkono, moja moja.

Yule mteja nilimtumia ile ya samani. Akajibu kwamba ni nzuri sana, na je, naweza kumtengenezea hiyo hiyo, lakini yenye kivuli?