Gimbali ikiwa nzito, usiipulizie WD-40
Wapiga picha za harusi Mbeya na Iringa wameambiana kwa miaka: gimbali, kile kishikio chenye mota kinachotuliza kamera, ikiwa nzito kuzunguka, pulizia WD-40. Dawa hiyo ilibuniwa 1953 kufukuza maji kwenye chuma. Sehemu yake kubwa ni kiyeyushi. Huosha grisi ya beringi, huacha utando mwembamba tu. Ndiyo maana leo mkono wa gimbali unateleza, baadaye unakwaruza.

Grisi nzito ya magurudumu nayo siyo. Asubuhi ya Juni pale Uyole, Mbeya, grisi hiyo huwa ngumu kwa baridi, mota zinahangaika, picha inatetemeka.

Toa betri na kamera, zungusha kila mhimili kwa kidole. Ukihisi chembechembe, beringi imeliwa: badilisha. Ikiwa kavu tu, tone moja la mafuta mepesi ya sintetiki kwa ncha ya sindano; futa yanayozidi, huvuta vumbi.